Kati Kati: Ukisema Hukuelewa, Unamaanisha Nini?

Kuna filamu ambazo watu wakimaliza kuzitazama wanauliza, "umeionaje?" Halafu kuna Kati Kati ya Mbithi Masya, ambayo watu wakimaliza wanauliza, "sasa hiyo imeisha aje?" Nimeitazama mara nne hapa Eldoret, kila mara na watu tofauti, na kila mara chumba kimegawanyika. Upande mmoja unasema ni upuzi, tumepotezewa saa moja na robo. Upande wa pili unatingisha kichwa polepole na kusema "hii ni nzito, bro." Ukiuliza uzito wenyewe uko wapi, unaona mtu anatafuta chaja.

Nionavyo mimi, pande zote mbili zinagombania kitu kisicho na maana. Zinabishana kama filamu inaeleweka au haieleweki, na kumbe inaeleweka. Kinachosumbua watu ni kitu kingine, na hapa Eldoret tuna sababu zetu wenyewe za kusumbuliwa nacho.

Kama hujaitazama, nitakuharibia uhondo. Ni ya 2016, umekuwa na muda.

Mwanamke kijana, Kaleche (Nyokabi Gethaiga), anazinduka nyikani amevaa gauni la hospitali. Hakumbuki chochote, wala hajui amefikaje hapo. Anatembea mpaka anakuta loji inayoitwa Kati Kati, na ndani yake kikundi cha watu wanaoongozwa na jamaa anayeitwa Thoma (Elsaphan Njora). Anaambiwa ukweli: umekufa, na sisi sote hapa tumekufa. Wanaogelea, wanacheza, wanakula, wanachekana. Lakini kila mmoja ana jambo la duniani ambalo hajalimaliza, na mpaka alikabili, haendi mbele wala harudi nyuma. Yuko katikati, jina la filamu lenyewe limeshakuambia.

Hadithi ndiyo hiyo. Kitendawili kimeteguliwa mapema kabisa. Kwa hivyo mtu akiniambia "sikushika kitu," simwamini sana, na simdharau pia. Nataka kujua ni nini hasa hakushika.

Wacha nianze na hao waliokasirika, kwa sababu wao ndio hutukanwa zaidi. Wanaitwa washamba, wanaambiwa wamezoea filamu za risasi. Ni kweli kwamba wengi wetu tumelelewa na DJ Afro. Kwenye vibanda vya video vya Langas na Huruma, filamu haiji peke yake, inakuja na mtu wa kukuelezea. DJ Afro anakuambia adui ni nani, anampa kila mtu jina jipya, na kama ulikuwa umeenda kununua njugu anakukumbusha tulikuwa wapi. Msimulizi anakushika mkono mpaka mwisho.

Lakini ukikaa hapo utaona jambo moja: hakuna anayeshangazwa na yasiyowezekana. Staa wa Kihindi anapiga watu ishirini kwa ngumi moja, sawa. Mzimu wa Kinaijeria unatoka kwenye kioo, sawa. Mtu anakufa na kurudi mara mbili, hakuna anayelalamika. Kwa hivyo si kweli kwamba watu wetu hawapendi ndoto na miujiza. Wanachotaka kujua ni msimamo wa filamu: nani mbaya, nani ataadhibiwa, na tumwonee nani huruma. Kati Kati haikuambii. Mwili wa mtu unaanza kupauka, ngozi inakuwa kama imepakwa majivu, na hakuna sauti inayokuja kukueleza kama hiyo ni adhabu au ni ugonjwa wa kukaa muda mrefu na siri.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo asiyekosa ibada, ndiye aliyenipa maoni bora kuliko yote niliyosikia. Alikuwa amekuja tu kuchaji simu, akajikuta ameketi. Ilipoisha aliniuliza, "Kijana wangu, na Mungu yuko wapi kwa hii sinema?" Vijana wakacheka. Mimi sikuona cha kucheka. Mama amegusa mfupa wenyewe. Katika Kati Kati hakuna kiti cha enzi, hakuna kitabu kinachofunguliwa, hakuna malaika wa mlangoni. Marehemu wameachiwa wajihukumu wenyewe. Ukitoka katika mji ambao kila mtaa una makanisa matatu na vipaza sauti, hilo si jambo dogo. Mama hakusema hakuelewa. Aliielewa vizuri na akaikatalia.

Sasa hao wa "nzito, bro." Hawa nawapenda kwa sababu ni watu wangu, tunapigia soga kwenye vibaraza vilevile. Shida yao ni kwamba wamegeuza kutoeleweka kuwa sifa. Kwao, filamu ikikuacha gizani basi ni sanaa, na wewe uliyebaki na maswali ndiwe mwenye upungufu. Wanakuambia ilipata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kule Toronto mwaka huohuo wa 2016, na kwamba Kenya iliipeleka kushindania Oscar. Ni kweli, ila tuzo haikuelezi filamu inasema nini.

Na ubishi huu hatukuuanza sisi. Euphrase Kezilahabi, aliyeandika Rosa Mistika, riwaya ambayo mtu yeyote angeweza kuifuata, aliandika baadaye Nagona (1990) na Mzingile (1991), na wasomaji wakabaki midomo wazi. Vitabu vyembamba, safari zisizo na ramani, ndoto ndani ya ndoto. Wako waliosema mzee amepotea, na wako waliosema amefika asikofika mwingine. Kabla sijaacha chuo nilikuwa nikisikia watu wakisifia Nagona kwa sauti ya mtu anayesifia chakula ambacho hajaonja. Kusifia fumbo ni rahisi. Kazi iko kwenye kulifumbua, halafu kukaa na ulichokipata.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Lakini methali hiyo haisemi lolote kuhusu mwerevu anayeling'amua fumbo na kujifanya hajang'amua.

Hapo ndipo tunafika kwa King.

King (Peter King Mwania) ni mmoja wa wakaazi wa Kati Kati. Alikuwa mtu wa kanisa, na mzigo wake unatoka kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Damu ya watu iko juu yake. Filamu inapofika kwake, ule mchezo wote wa kuogelea na kucheka unakatika. Katika zile mara nne, mara tatu kuna mtu aliyeinuka wakati huo. Mmoja alienda kuchota maji, mmoja akapigiwa simu ambayo sikuisikia ikilia, mmoja akasema anaangalia kama mvua imeanza. Na waliobaki waliacha kutoa maoni. Watu waliokuwa wakipiga kelele tangu mwanzo, ghafla kimya.

Kwa msomaji wa mbali, wacha niseme kwa nini. Kiambaa iko hapa karibu na mji. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa walichomewa ndani. Walikufa watu wapatao 30, wengi wao wanawake na watoto. Nchi nzima, ghasia zile ziliua zaidi ya watu 1,100. Washukiwa wanne walioshtakiwa kwa moto wa Kiambaa waliachiliwa na Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2009 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kule The Hague, kesi za wale sita zilianguka moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikafungwa Aprili 2016. Miezi mitano baadaye, Kati Kati ikaonyeshwa Toronto.

Sisemi King ni wa Kiambaa. Filamu si taarifa ya habari, na sitaki kumbandika mtu yeyote aliye hai sura ya mhusika wa kubuni. Ninachosema ni kwamba mtu wa kanisa akikiri mambo ya ghasia zile, mtazamaji wa Eldoret hahitaji DJ Afro wa kumwelezea. Anajua, na anajua pia kwamba aliyeketi kando yake anajua. Labda mmoja familia yake ilihama usiku na mwingine familia yake ikabaki. Wanauziana mboga na wanapanda matatu moja.

Mji huu ni mwalimu wa mafumbo. Mimi nilikuwa darasa la kwanza mwaka ule, na nimekua nikisikia watu wazima wakisema "ile wakati", "yale mambo", "kabla watu hawajarudi". Ukiwa mtoto hapa unajifunza kuyafumbua bila kufundishwa, na unajifunza pia kutouliza swali la pili. Ndiyo maana mtu wa hapa akiniambia hawezi kuelewa filamu kwa sababu inaongea kwa mafumbo, nashindwa kujizuia kutabasamu. Tumeishi ndani ya fumbo miaka yote hii. "Sijaelewa" wakati mwingine ni namna ya adabu ya kusema "tusiingie huko." Na "ni nzito, bro" ni namna nyingine ya kusema hilohilo, ila kwa mikogo. Ukisema nzito ukanyamaza, nawe hujaingia.

Kuna watakaoniambia filamu ingesema tu waziwazi. Ilishasemwa waziwazi. Mwaka 2013 Judy Kibinge alitoa Something Necessary, kuhusu Anne, mwanamke anayejaribu kujenga upya maisha yake baada ya ghasia hizohizo, na kijana anayeitwa Joseph, aliyekuwa kwenye genge na sasa majuto yanamla. Ilitoka kwenye mradi uleule wa One Fine Day Films na Ginger Ink uliotuletea Nairobi Half Life. Hakuna fumbo hata kidogo. Ni filamu nzuri, lakini sijawahi kukuta watu hapa wakiibishania. Nairobi Half Life kila mtu anaijua. Something Necessary, ukiitaja, watu wanasema "aah, ile ya mambo ya vita," na mazungumzo yanahamia kwa Arsenal.

Kwa hivyo hesabu yangu ni hii: ile inayosema wazi, tunaikwepa kwa kutoitazama. Ile inayofumba, tunaitazama mpaka mwisho, halafu tunaikwepa kwa kusema hatukuelewa. Lakini angalau tumekaa nayo chumba kimoja. Fumbo limetufikisha mahali ambapo ukweli mtupu haukutufikisha. Ndiyo faida yake, na naiona kubwa.

Filamu yenyewe ina makosa, na si madogo. Ni fupi mno kwa idadi ya marehemu iliyokusanya. Wengine wanaguswa tu na kuachwa, kama wageni waliosalimiwa mlangoni. Mapenzi ya Kaleche na Thoma yanaharakishwa ili siri itakayofuata iume. Wafu wake wanaongea kama watu wa Nairobi waliosoma, Kiingereza na Kiswahili vikifuatana, na nikajiuliza kama wakulima na wachuuzi wana loji yao mahali pengine.

Kosa kubwa kuliko yote liko hapohapo penye nguvu yake. King anapewa kitanda, anapewa muda, anapewa uso wetu wa kumtazama anapolia. Wale waliokufa kwa sababu yake hatuwajui majina. Masya anataka kujua kama mtu wa namna hiyo anaweza kupumzika, na ni swali zuri. Ila anamuuliza mtenda peke yake. Kama kuna mahali katikati ya uhai na kituo cha mwisho, ningetarajia mlangoni pawe na foleni ya watu wenye haki ya kusema "bado." Hapa ndipo nakubaliana na mama jirani, ingawa nilifika kwa njia nyingine. Yeye aliuliza Mungu yuko wapi. Mimi nauliza wako wapi waliokosewa.

Hata hivyo ningekutuma ukaitazame leo. Usiitazame peke yako na vidude masikioni. Itazame na watu, na ukiweza awepo mtu mzima aliyekuwa hapa mwaka 2008. Ikiisha, mtu akiuliza "imeisha aje," mjibu haraka: walikuwa wamekufa, kuna aliyeondoka na kuna aliyebaki. Ukishamaliza hayo ya hadithi, uliza la pili, lile tulilofundishwa kutouliza: huyu aliyeachiliwa aende, nani alimsamehe? Halafu usimwokoe mtu kwa kubadilisha mada. Kimya kikija, kiache kikae.

Mara ya nne, mmoja wa wale walioinuka alikaa nje muda mrefu. Aliporudi filamu ilikuwa imeisha zamani na tulikuwa tunazungumzia mengine. Akauliza, "yule wa kanisa, mwishowe alisemaje?" Hakuna aliyemjibu, na wote tulikuwa tumemsikia.