Sindano Ijuayo Kikomo

Watu wengi wakiiona sindano ya akupancha, tiba ya Kichina ya kudunga sindano, huustaajabia wembamba wake: robo tu ya milimita, hata mgonjwa pengine asihisi ikiingia. Mimi huustaajabia mkono unaoishika, hasa unapofika pale shingo inapokutana na bega.

Hapo ipo nukta iitwayo Jianjing, katikati ya pingili ya saba ya shingo na ncha ya bega. Mwenye mabega mazito au shingo iliyokaza hudungwa hapo. Ukipapasa unakuta nyama imejaa, ukadhani nafasi ipo tele. Sivyo. Pafu haliishii chini ya mtulinga. Kilele chake hupanda hadi chini ya shingo, sentimita 2 hadi 3 juu ya sehemu ya ndani ya mfupa huo, na juu yake hakuna ubavu wa kukikinga.

Pafu limezungukwa na utando wa matabaka mawili, pleura. Tabaka moja limegandamana na pafu, jingine na ukuta wa kifua, na kati yake mna majimaji kidogo tu. Matabaka hayo yanashikana kama vioo viwili vilivyoloa, ndiyo maana kifua kikitanuka, pafu nalo hutanuka. Sindano ikipenya hapo, hewa inaweza kuingia katikati, matabaka yakaachana na pafu likasinyaa. Maumivu ya kifua, kikohozi kikavu na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye, mgonjwa keshafika nyumbani.

Wachina walilitambua jambo hili kabla ya eksirei. Huangdi Neijing, kitabu cha yapata miaka 2,000 iliyopita, kinaonya kwamba kudunga kwa kina kishimo kilicho juu ya mtulinga huvujisha pumzi, mtu akabaki kuhema na kukohoa. Mwaka 1027, enzi za nasaba ya Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba zenye nukta zote, wanafunzi wajifunzie. Lakini shaba huonyesha mahali pa kudunga tu. Kina hutofautiana kwa kila mgonjwa, nacho hujulikana kwa vidole.

Mtazame basi fundi akiwa kazini. Kwanza anauliza habari za mapafu: pumu, sigara, upasuaji. Anautazama mwili, maana kwa mtu mwembamba pafu li karibu zaidi na ngozi. Kisha, kwa kidole gumba na cha shahada, anaibana nyama ya bega na kuinyanyua. Sindano anaiingiza ndani ya nyama hiyo aliyoishika, kwa ulalo, kutoka mbele kwenda nyuma, na ncha yake haielekei kifuani hata kidogo. Inaingia kidogo, inakomea hapo. Mgonjwa anaambiwa atulie, asijinyooshe wala kugeuka.

Kujizuia huko ndiko ninakokusifu. Mkono wowote unaweza kusukuma sindano, ila wa kuisimamisha panapostahili hulelewa kwa miaka ya kusoma mwili.

Nawe unayekwenda kudungwa, usione haya kumuuliza tabibu alisomea wapi. Na ukitoka huko kisha kifua kikauma au pumzi zikakukatika, usingoje kesho. Nenda hospitali, na umwambie daktari kwamba ulidungwa sindano, na wapi.