Kipimamwendo au Kipimamchapuko?

Wapo wanaopendelea kukiita kihisi cha piezoumeme "kipimamwendo". Jina hilo ni jepesi kutamka, na kwa kuwa kihisi hicho hufungwa kwenye kitu kinachokwenda, huonekana kuwa lafaa. Sisi hatuliafiki.

Yafaa kwanza tuangalie kazi ya chombo chenyewe. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kuwa baadhi ya fuwele, kama zile za kwatzi, hutoa chaji ya umeme zinapokandamizwa. Ndiyo asili ya "piezo", neno la Kigiriki lenye maana ya kukandamiza. Ndani ya kihisi, kipande kidogo cha uzito huegemezwa kwenye fuwele. Kasi ya kitu ikibadilika, uzito huo huikandamiza fuwele au huilegeza, na chaji itokayo hulingana na mchapuko, yaani kadiri kasi inavyobadilika kwa muda.

Tuchukue mfano wa lori lililobeba kahawa kutoka Namswea kwenda Mbinga mjini, nalo limefungwa kihisi hicho. Dereva akikanyaga breki mteremkoni, kihisi hutoa ishara. Lakini lori likifika mahali tambarare paliponyooka, likaenda kilometa 40 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza, kihisi hakitoi kitu, tukiacha mtetemo wa barabara. Lori linakwenda, na "kipimamwendo" chasema sifuri! Mwanafunzi aliyefundishwa jina hilo atadhani chombo kimeharibika, kumbe kilichoharibika ni istilahi.

Ni kweli kwamba kasi yaweza kupatikana, ila kwa hesabu: mchapuko hujumlishwa hatua kwa hatua kuanzia kasi ya mwanzo inayojulikana, na kosa dogo la kipimo huzidi kukua kadiri muda unavyopita. Anayeamini kuwa kasi imepimwa moja kwa moja hatalitafuta kosa hilo. Isitoshe, msomaji asikiapo "kipimamwendo" hukumbuka spidomita iliyo mbele ya dereva, ambayo ni chombo kingine kabisa.

Kwa hiyo, ni maoni yetu kuwa litumike jina "kipimamchapuko". Mchapuko ni neno lililokwisha kuzoeleka katika fizikia, na jina hilo halidai zaidi ya linachopima. Huenda likawa zito kidogo ulimini. Lakini mwanafunzi aliye mbali na maabara hana chombo cha kulisahihishia neno. Neno lenyewe ndilo alilo nalo.