Nani Anaongea Kwenye Kitabu cha Emmerick?

Kila Kwaresima kitabu cha Anna Katharina Emmerick kuhusu mateso ya Yesu hupita mkono kwa mkono, na ubishi huwa uleule: eti yale madonda mikononi na miguuni mwake yalikuwa ya kweli? Hilo nawaachia madaktari na maaskofu. Mimi nataka kujua nani anaongea humo ndani.

Emmerick alizaliwa 1774 karibu na Coesfeld, Westfalia, nyumba ya wakulima maskini. Alilima, akashona nguo za watu, na 1802 akapokelewa kwa watawa Waagustino wa Dülmen. Serikali ilipoifunga nyumba yao mwaka 1811, alitoka mgonjwa, na haukupita muda akawa mtu wa kitandani. Madonda yakafuata. Kanisa lilimchunguza 1813. Mwaka 1819 serikali ya Prussia ilimtoa kwake, ikamweka chini ya ulinzi majuma matatu, isipate ushahidi wa ulaghai. Hebu fikiria: mgonjwa, anatazamwa usiku na mchana na wanaume asiowajua.

Halafu kuna Clemens Brentano. Mshairi huyu mashuhuri alifika Dülmen 1818, akabaki mpaka mama huyo alipofariki Februari 1824. Yeye anasema kwa lahaja ya kwao, huyu anaandika Kijerumani cha vitabuni. Akiwa naye ananukuu haraka haraka, akitoka anaandika upya kwa urefu. Kitabu kilitoka 1833, miaka tisa baada ya kifo chake. Hakuwepo wa kusema, “Hapana, sikusema hivyo.”

Na Brentano tunamjua. Yeye na Achim von Arnim ndio waliokusanya nyimbo za kienyeji za Kijerumani, mkusanyo uliotoka kati ya 1805 na 1808, wakazipunguza hapa, wakaziongeza pale. Sasa mtu wa namna hiyo umpe mgonjwa asiyeweza kuinuka! Watafiti walipopekua, walikuta vitabu vya safari na ramani za Nchi Takatifu nyuma ya maelezo mengi. Kurasa zile za mitaa na milango ya Yerusalemu zinanichosha. Nasikia harufu ya maktaba.

Lakini kuna pahala nasimama. Baada ya Yesu kupigwa mijeledi, Maria anapanguza damu kwa vitambaa vya kitani alivyoletewa kutoka kwa mke wa Pilato. Injili hazina habari hiyo. Siwezi kuthibitisha, ila masikio yangu yanasema huyo ni mshonaji anaongea, mtu aliyeshika kitani maisha yake yote na anayejua damu inavyoloa kwenye kitambaa. Mel Gibson aliichukua sahani hiyohiyo, akaiweka kwenye filamu yake ya 2004.

Mwaka huohuo, Oktoba 3, Yohane Paulo II alimtangaza Emmerick kuwa mwenye heri. Maandishi ya Brentano yaliwekwa kando kwenye mchakato. Walipima maisha yake tu. Ni uamuzi wa haki, tena ni uhakiki mzuri kuliko wa wengi wetu. Maana kitabu hicho kinawachora Wayahudi kwa chuki inayotia aibu, na chuki hiyo imebebeshwa mwanamke ambaye hakuandika hata ukurasa mmoja wake.

Wachapishaji bado wanaweka jina lake peke yake jaladani. La Brentano liwekwe juu, tena kwa herufi kubwa.