Fani ya Tundu Kwenye Mwanzi

Tundu lenyewe ni duara kamili, kama limepigwa keekee. Upana wake ni kama sentimeta 1, kiasi cha mwenye nyumba kupenya bila nafasi ya ziada. Huko Kator, mtaa wa Juba wenye kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, jirani na soko la Konyokonyo, mahali pa kulitafuta ni kwenye mianzi ya ua na boriti kavu za paa. Chini yake utakuta unga wa mbao.

Mtunzi ni nyuki mweusi, mnene, mwenye mvumo mzito. Wapo wanaomchanganya na nyuki wakubwa wenye manyoya wa Ulaya, ilhali hao hawana asili kusini mwa Sahara. Huyu wetu hutoboa mti kwa taya zake, wala hauli kamwe. Swali la kwanza la watu ni kama anauma, na hilo ni swali la maudhui. Jibu lake limo kwenye fani.

Tazama muundo. Kwenye boriti, njia huingia ikikata nyuzi za mti, kisha hupinda ghafla na kuzifuata. Kwenye mwanzi kona hiyo haina kazi: ukuta ukishatobolewa, pingili nzima iko wazi. Humo jike hupanga vyumba kwa safu. Huanzia mwisho kabisa: donge la chavua iliyokandwa kwa mbochi, yai moja juu yake, kisha ukuta wa unga wa mbao na mate. Ndipo huja chumba kinachofuata. Yaani kisa hiki husimuliwa kinyumenyume, mwanzo wake ukiwa ndani kabisa na mwisho wake ukiwa mlangoni. Mtoto aliyetangulia kutagwa ndiye aliye mbali zaidi na njia ya kutokea. Ni ufundi wa kuthubutu.

Kilichokosekana nacho kina maana. Hamna masega, hamna ghala la asali. Mzinga wa nyuki wa asali ni hazina, na hazina hudai jeshi. Humu jike yuko peke yake au na ndugu wachache, na huuma akishikwa au akibanwa. Anayeelea mbele ya uso wako mlangoni ni dume, ambaye mara nyingi ni wa manjano au kahawia. Dume hana mwiba. Vitisho vyake ni mtindo mtupu. Kwa hiyo anayekuja na petroli na kiberiti anapigana na jeshi lisilokuwepo, tena chini ya paa la nyasi!

Kuziba tundu kwa udongo likiwa na wenyewe ni usomaji wa haraka pia. Watoto hufia ndani, na mama huweza kutoboa mlango wa pili. Ngoja watoke wote, kisha ziba kwa kipande cha mti na upake rangi, kwa kuwa nyuki huyu hupendelea mbao tupu.

Kazi hii ina dosari: mtunzi hajui kuacha. Tundu hurithiwa, hurefushwa, huongezwa matawi, na baada ya miaka boriti hudhoofika. Boriti inayobeba paa simwachii. Mwanzi wa ua namwachia bila kinyongo, maana maua ya nyanya na biringanya hufungia chavua yake ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo, naye huyatikisa kwa misuli ya mabawa mpaka imwagike. Nyuki wa asali hana ufundi huo.

Anayetaka ahame paani bila kuuawa ampe mahali pengine pa kuandikia: vipande vya mwanzi mkavu vyenye mafundo yake, vilazwe juu ya ua, chini ya kipande cha bati visilowe, karibu na biringanya.