Zawadi Isiyo Zawadi

Wachina wa kale walisubu vyombo vya shaba nyeusi ili kuwaandalia wahenga wao chakula na pombe. Katika vingi vya enzi ya Zhou waliandika ndani jina la aliyekiagiza, na dua kwamba wana na wajukuu wakitunze na kukitumia milele. Leo vyombo vya namna hiyo vimo katika makabati ya vioo ya London, Paris na Washington. Watazamaji husifu nakshi. Wajukuu waliokusudiwa hawamo.

Kwa sisi wa Kewanja jambo hili si geni. Chungu cha pombe ambacho wazee wa Kikurya hukizunguka na mirija yao, kikiwa sokoni ni chungu tu. Kikiwa katikati yao ni baraza. Anayekichukua chungu peke yake ameliacha baraza nyuma.

Tanzania nayo ilionja msiba huo. Mwaka 1984 vitu 17 viliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kimojawapo kikiwa lipiko, yaani kinyago cha Kimakonde kinachochezwa katika sherehe za jando na unyago. Mwaka uliofuata kilinunuliwa mjini Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 ilibainika kuwa ndicho kile kilichoibwa. Kilirudi mwaka 2010, kwa mkataba ulioliita tendo hilo zawadi.

Neno hilo ndilo ninalolikosoa. Tuseme mnunuzi alinunua kwa nia njema. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeuziwa kalamu ya mwenzake haitoi zawadi anapoirudisha, anarudisha. Zawadi hudai shukrani, na mwenye mali hana deni la kushukuru.

Lakini lawama isiishie Geneva. Lipiko lile lilipata wa kulidai kwa sababu lilikuwa mali ya makumbusho. Je, kitu ambacho kijana amekitoa nyumbani kwa babu yake na kumwuzia mpita njia, nani atakidai, na kwa ushahidi gani? Vyombo vya Wachina vinawataja wenyewe. Vyetu vimeandikwa vichwani mwa wazee tu, nao wanatutoka mmoja mmoja. Basi twende tukawaulize ni kitu gani, ni cha nani, na kilitumikaje, tuyaandike majibu yao. Daftari la kawaida la shule linatosha.