Yai Lenye Mwiba Ubavuni: Jinsi Kichocho cha Tumbo Kinavyosomwa kwa Hadubini Kando ya Ziwa Victoria

Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Ghuba ya Speke, kama vile Guta na Kibara, kichocho kinachohusishwa zaidi na maji ya ziwa ni kile cha tumbo, ambacho huletwa na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni na kukuzwa na konokono wa jamii ya Biomphalaria, wanaoishi katika sakafu ya ziwa na kwenye matete ya ufukweni. Mnyoo huyu, dume na jike wakiwa wameshikamana, hukaa ndani ya mishipa midogo ya damu inayotoka matumboni kwenda kwenye ini, kwa hiyo hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kumtoa na kumweka juu ya kioo. Kinachomfikia mtaalamu wa maabara ni mayai tu, yale yaliyofaulu kupenya ukuta wa utumbo na kutoka pamoja na kinyesi. Jike mmoja hukadiriwa kutaga mayai yapatayo 300 kwa siku, na karibu nusu yake hayatoki kamwe, bali huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo, yakaleta makovu, kuvimba kwa bandama na, baada ya miaka mingi, kutapika damu. Madhara ya ugonjwa hutokana na mayai yaliyobaki, ilhali kipimo huhesabu yaliyotoka. Anayesoma majibu ya maabara bila kulizingatia jambo hilo huenda akayapa uzito usio wao.

Yai lenyewe, likionekana vizuri, halina mfano katika kinyesi cha binadamu wa Kanda ya Ziwa. Urefu wake ni takriban maikromita 140, yaani sehemu 140 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu, na upana wake ni kama maikromita 60, ukubwa unaotosha kulifanya lionekane kwa lenzi ndogo ya hadubini inayokuza mara 10, ikisaidiwa na lenzi ya jichoni. Ganda lake ni jembamba, lenye rangi ya manjano inayoelekea kahawia, na ndani yake hukaa lava aliyekwisha kukomaa. Alama inayolitambulisha ni mwiba mkubwa unaochomoza ubavuni, karibu na ncha moja, mfano wa mwiba wa mgunga uliobaki kwenye tawi. Yai la Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo ambaye katika kanda hiyohiyo hutegemea zaidi konokono wa jamii ya Bulinus wa vidimbwi na malambo ya bara, lina mwiba mfupi uliokaa nchani kabisa.

Mahali ulipo mwiba palizua ubishi mrefu wa kitaalamu. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851, lakini kwa zaidi ya nusu karne haikukubalika kwamba mayai ya aina mbili ni dalili ya minyoo wa aina mbili. Arthur Looss, aliyekuwa na sauti kubwa katika elimu ya vimelea nchini Misri, alishikilia kwamba mayai yenye mwiba wa ubavuni hutagwa na majike ambao hawajapandwa. Louis Sambon alipendekeza mwaka 1907 kwamba huyo ni mnyoo wa pekee na akampa jina la Patrick Manson, na mwaka 1915 Robert Leiper alimaliza ubishi huo huko Misri kwa kuonyesha kwamba kila aina hukuzwa na konokono wake. Inafaa kukumbukwa kwamba hadubini peke yake haikutosha kuamua: watafiti wote waliuona mwiba uleule, na kilichowatenganisha ni maana waliyoupa, mpaka ushahidi wa konokono ulipopatikana.

Njia inayotumika katika tafiti za kando ya ziwa, na ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa miongo mingi, huitwa Kato-Katz. Ilianzia Japani katika miaka ya 1950, kwa wazo la kufunika kinyesi kingi kwa karatasi ya selofani badala ya kioo, na mwaka 1972 ilirekebishwa nchini Brazil na Naftale Katz na wenzake, walioiongezea kipimo maalumu cha ujazo ili mayai yaweze kuhesabiwa badala ya kuonekana tu. Kinyesi hukandamizwa chini ya wavu laini wa nailoni, na kile kinachopenya matundu yake hukwanguliwa, kikiwa kimeachana na nyuzi na maganda ya chakula. Kisha hujazwa katika tundu la kibao cha plastiki kilicholazwa juu ya slaidi, tundu lenye kipenyo cha milimita 6 na kina cha milimita 1.5, ambalo huchukua miligramu 41.7. Kibao huinuliwa kwa uangalifu, kikibakiza kidonge cha kinyesi, ambacho hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwa muda usiopungua saa 24 katika gliserini iliyochanganywa na maji na rangi ya kijani ya malakaiti. Slaidi hugeuzwa na kukandamizwa juu ya sehemu laini hadi kinyesi kitandazike sawasawa, kisha huondolewa kwa kuitelezesha upande, kwa sababu ikiinuliwa moja kwa moja selofani huweza kubanduka. Kipimo cha unene unaofaa ni chepesi na cha kuaminika: slaidi ikiwekwa juu ya gazeti, maandishi yasomeke kupitia kinyesi.

Kazi ya gliserini ni kukifanya kinyesi kiangaze, na hapo ndipo muda unapoanza kuamua majibu. Mayai ya kichocho yana ganda linalostahimili, na husomeka vyema baada ya saa kadhaa au hata siku ya pili, mandhari ya nyuma yakiwa yameng'aa. Lakini mayai ya minyoo ya safura, yenye ganda jembamba mno, hupauka na kutoweka kabisa, ndiyo maana hutakiwa kusomwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Slaidi moja, basi, husomwa mara mbili. Timu iliyokusanya sampuli katika shule ya ufukweni asubuhi na kuzisafirisha kwa barabara mbovu hadi maabara jioni, slaidi zikiwa zimekwisha kutayarishwa, itapata kichocho na kukosa safura, na taarifa yake itadai kwamba safura haipo.

Msomaji huanzia pembe moja ya selofani na kwenda mstari baada ya mstari, kila mstari ukigusana kidogo na uliotangulia, hadi slaidi nzima iishe, kwa kuwa yai lililo ukingoni lina thamani sawa na lililo katikati. Ugumu hutokea pale yai linapolala likiwa limeelekeza mwiba juu au chini, hivyo kwamba ubavu wake huonekana mtupu. Katika tone la maji kifuniko kingeweza kuguswa ili yai ligeuke, lakini chini ya selofani limenaswa, na msomaji hulazimika kuzungusha skrubu ndogo ya hadubini, akipandisha na kushusha lenzi, mpaka kivuli cha mwiba kijitokeze. Viputo vya hewa, chembe za mimea na chavua humdanganya mwanafunzi zaidi kuliko mayai ya minyoo mingine, maana yai la mnyoo mjeledi lina vizibo viwili kwenye ncha zake, na la mnyoo mkubwa wa duara lina ganda nene lenye mikunjo. Hayo mawili hayafanani na chochote. Katika tafiti zilizosimamiwa vizuri, sehemu ya slaidi, mara nyingi asilimia 10, husomwa upya na mtaalamu wa pili asiyejua majibu ya kwanza.

Idadi iliyopatikana huzidishwa kwa 24 ili kujua mayai katika gramu moja: chini ya 100 huhesabiwa kuwa maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya wastani, na 400 au zaidi mazito. Udhaifu mkubwa wa njia hii umo katika kuzidisha huko. Yai moja kwenye slaidi husomwa kuwa 24 kwa gramu, na hakuna jibu lililo kati ya 0 na 24. Mtu mwenye mayai 10 katika kila gramu atakuwa, kwa wastani, na mayai 0.4 katika slaidi moja, na hata kama mayai yangesambaa bila mpangilio wowote, takriban slaidi 66 kati ya 100 zake zisingeonyesha yai hata moja. Slaidi mbili zingemkosa mara 43 katika 100. Slaidi sita, yaani mbili kwa siku kwa siku tatu, zingemkosa mara 8 hivi. Hali halisi ni mbaya zaidi, kwa sababu mayai hukaa kwa mafungu na utagaji hubadilika siku hadi siku.

Hesabu hiyo haikuwa na uzito mkubwa zamani, wakati maambukizi mazito yalikuwa ya kawaida, lakini umuhimu wake umekua kwa sababu ya mafanikio ya tiba. Wanafunzi wa kanda hiyo hupewa praziquantel shuleni, kiasi chake kikikadiriwa kwa fimbo ya kupimia urefu, na dawa hiyo huua minyoo wengi waliokomaa, ingawa haiwaui wachanga na haimzuii mtoto kurudi ziwani kesho yake kuchota maji au kupakua dagaa. Kadiri minyoo wanavyopungua mwilini ndivyo mayai yanavyokuwa machache, na ndivyo slaidi moja inavyozidi kutoa jibu la uongo. Kutangaza kijiji cha ufukweni kuwa kimepona kwa kusoma slaidi moja kwa kila mtoto ni kosa la kipimo, hata kama kila slaidi imesomwa kwa uaminifu.

Kipimo cha mkojo kinachotambua antijeni, yaani chembechembe anazozitoa mnyoo aliye hai ndani ya damu, hukamata wengi kati ya wale wanaokoswa na slaidi, na majibu yake hupatikana ndani ya dakika 20. Hata hivyo hakihesabu mayai, hakifai kwa kichocho cha mkojo kama kinavyofaa kwa cha tumbo, na hakisemi lolote kuhusu safura wala mnyoo mjeledi, ambao mayai yao hupatikana katika miligramu zilezile 41.7 chini ya selofani.