Mpiga Piano Asiyesubiri

Mwanafunzi wa viola anayekaa Mwanakwerekwe aghalabu hana piano nyumbani, seuze mtu wa kumpigia. Ana kanda, au siku hizi simu, yenye sauti ya piano tu, nafasi ya viola ikiachwa tupu. Silidharau jambo hilo. Kanda haichoki, haidai nauli, na humzuia kijana asikimbie wala asikokote.

Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, haisubiri. Mpigaji akitaka kuvuta pumzi, yenyewe imeshapita. Hivyo hujifunza kufuata, hajifunzi kusikilizana. Na katika kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kusikilizana ndiyo kazi yenyewe: mwimbaji huamua, ganuni hujibu, fidla hungoja.

Ya pili ni nzito zaidi. Piano huigawa oktava vipande 12 vilivyo sawa. Kwa muziki wa Ulaya hilo halidhuru. Lakini maqamu ya Bayati, tuliyoizoea katika taarab, ina sauti ya pili inayokaa baina ya vibao viwili vya piano. Shingo ya viola haina vigawanyo. Kidole kinaweza kuipata. Kidole kilicholelewa na kanda ya piano peke yake huiruka, na sikio halishtuki.

Basi naona kanda itumike kupimia mwendo, kisha izimwe, na mwanafunzi apige mbele ya mtu, japo mmoja mwenye udi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, hakuimbia mashine. Aliimba na wenziwe, na mashine ikasikiliza.